Aliyeuma Upande wa Pili

Baga iliyokuwa ndani ya mkoba wa mchumba wake ilikuwa imeumwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mwanaume.

Plasta alilijua hilo kwa kutazama mara moja. Mtu mwingine angeona baga iliyoliwa nusu, imepoa, chizi imeganda. Yeye aliona vinywa viwili. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika maabara ndogo nyuma ya kliniki, na vumbi jeupe la kazi hiyo ndilo lililompa jina, maana halikutoka kwenye suruali zake hata zikifuliwa mara tatu. Sura za watu alizisahau. Meno hakuyasahau.

"Umeiona futi ya kupimia?" mchumba wake aliuliza.

Alikuwa juu ya ngazi, dirishani mwa kiwanda chake cha kushona mapazia, ameshika pazia la mteja kwa mkono mmoja na pini tatu mdomoni. Watu wote walimwita Mshonaji, na hata Plasta alimwita hivyo, isipokuwa wakiwa wawili tu.

"Bado naitafuta."

"Mfuko wa ndani. Wewe hata maji baharini huyaoni."

Futi alikuwa ameshaiona. Ilikuwa chini ya boksi la zambarau, na hilo boksi lilimchoma kuliko hata alama za meno. Mji wao ulikuwa na kampuni sita za baga zenye matawi kila kona, na wao wawili walikuwa wamejiwekea mchezo: kila mwezi kampuni moja, wakae, wale, wabishane, watoe maksi. Walishakula kwa wenye mataa mekundu, kwa wenye viti vya njano, kwa wale wanaoita wateja kwa kipaza sauti kama wako mahakamani. Ya sita, ya boksi la zambarau, waliiweka kiporo. Waliahidiana hawatatia mguu pale mpaka siku baba yake Mshonaji atakapokubali posa.

Sasa boksi lilikuwa hapa, na ndani yake kulikuwa na alama za meno yake Mshonaji, madogo, yaliyopangika, na pembeni yake alama nyingine, pana.

"Umekula nini leo?" Plasta aliuliza, akimpa futi.

"Mkate na chai, juu juu tu. Sina hata muda wa kupumua."

Alimtazama usoni. Mshonaji alimtazama pia, kwa yale macho yake makubwa yaliyomfanya Plasta miezi kumi iliyopita anunue pazia la dirisha ambalo hakuwa nalo. Hakupepesa. Plasta akajisemea kwamba mtu anayedanganya bila kupepesa ana mazoezi.

Mshonaji alipoligeukia tena pazia, Plasta aliifunga ile baga kwa tishu, akaitia mfukoni mwa koti.

*

Kule maabara wateja huwa hawafiki. Kliniki huleta kalibu ya kinywa na karatasi yenye namba, jina halimo. Fundi anamimina plasta, anapata sanamu ya ufizi, anapanga meno juu ya nta, anamaliza, anasahau. Sanamu hubaki rafuni mwaka mzima endapo kitu kitavunjika.

Plasta aliiweka baga kwenye meza ya kazi, akavuta taa karibu. Upande wa kushoto wa ile alama pana kulikuwa na ngazi ndogo, mahali ambapo jino la mbele lilikuwa limempanda mwenziwe. Upande wa kulia, karibu na chonge, kipande chembamba cha chizi kilikuwa kimesimama peke yake bila kukatwa. Hapo palikuwa na mwanya.

Aliyajua meno yale. Aliyapanga mwenyewe.

Alikwenda rafuni akashusha sanamu namba mia mbili kumi na nane na nakala ya seti yake. Kazi ile aliikumbuka kama mama anavyokumbuka uzazi mgumu. Karatasi ya kliniki iliandikwa: meno mapya yafanane na ya zamani, kasoro zote zibaki, mteja hataki mtu yeyote ajue. Walileta na picha ya zamani iliyokatwa, ikabaki midomo na kidevu tu. Alihangaika nayo siku kumi na moja. Mafundi wengi hunyoosha kila kitu, wakampa mzee wa watu meno ya mtangazaji wa televisheni. Yeye alilipindisha lile jino la mbele mpaka likapinda vile vile, akaacha mwanya pale pale.

Alikandamiza nakala kwenye mkate. Ikaingia bila kubakiza nafasi.

"Unafanya nini na chakula kwenye meza ya kazi?"

Bosi wake, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kipajini, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Napima."

"Unapima baga."

"Napima aliyeiuma."

Bosi aliichukua sanamu, akaigeuza kuona namba. "Hii ni ya nani?"

"Mia mbili kumi na nane."

"Nimekuuliza ni ya nani."

"Sijui."

"Vizuri. Na siku ukija kujua, bado hujui. Ukimkuta sokoni, hujui. Akikaa karibu yako hospitalini, hujui. Mtu ametukabidhi kinywa chake, hakutukabidhi aibu yake. Rudisha rafuni, halafu ufute meza, siku hizi kuna mende."

*

"Meno ya bandia?" Dada yake mkubwa aliacha kukunja nguo. "Basi ni mzee. Na mzee anayemlisha msichana baga ni mzee mwenye gari."

"Labda ni mteja wake."

"Mteja wa mapazia anauma baga ya fundi? Mimi mwaka jana nilinunua mapazia manne, hata maji sikupewa."

Plasta alikaa kitandani, juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. Dada yake alimsukuma zisije zikajikunja upya.

"Ndugu yangu, mimi si mtu wa kutia chumvi," alisema, na hapo ndipo alipozoea kuanza kutia chumvi. "Lakini tangu mwanzo nilikwambia. Umekwenda kwa baba yake mara mbili, mara zote amekaa na wewe mezani?"

"Alisema ameshakula."

"Mara zote mbili ameshakula. Saa sita na nusu mchana. Kashinda amejifunika gazeti kama mtu anayejificha mvua."

Hilo lilikuwa kweli. Baba yake Mshonaji, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado aliitwa Mwalimu, mtu wa masharubu manene na maneno machache, hakuwahi kumcheka wala kumchekea. Aliwahi kumuuliza swali moja tu la maana: maabara yako iko wapi hasa? Plasta alipomwelekeza, mzee alinyanyua gazeti juu zaidi. Siku hiyo Plasta alirudi nyumbani akijua kwamba amedharauliwa kwa sababu ya kazi yake.

"Kuna mtu ameshapangwa," dada alisema. "Wewe unazungushwa tu. Yule msichana anakupenda labda, lakini anakula kwingine."

"Usimseme hivyo."

"Sijasema mimi. Imesema baga."

*

Jumamosi walikutana kwa wale wa viti vya njano. Mshonaji alifika amechelewa, uzi mweupe umemganda begani. Plasta aliutoa kwa vidole viwili, na vidole vilikaa begani muda mrefu kidogo kuliko uzi ulivyohitaji.

"Una nini leo?" Mshonaji aliuliza. "Unanitazama mdomo."

"Mimi kila siku natazama midomo."

"Tulikubaliana. Ukila na mimi, unitazame machoni. Mara ya kwanza tulivyokula pamoja nilidhani nina kitu kwenye meno, nikaenda chooni mara tatu."

Alicheka, na Plasta karibu acheke naye. Alijikaza. Akainua baga yake, akauma kipande, akamnyooshea pale pale alipouma.

"Onja yangu."

"Ninayo yangu."

"Onja tu. Ina sosi tofauti."

"Plasta, unajua siumi pale alipouma mtu. Nikate kwa kisu, nitaonja."

Ndivyo alivyokuwa tangu siku ya kwanza. Angekukatia nusu ya chakula chake, angekupa chipsi zote, lakini pale penye meno ya mtu hakupeleka mdomo.

"Mtu yeyote?" Plasta aliuliza.

"Labda mtu wa kwangu kabisa."

"Mimi si wa kwako?"

Mshonaji aliacha kutafuna. Yale macho yalimtazama muda mrefu, yakalainika. "Bado kidogo," alisema taratibu. "Siku ukiwa, nitauma mpaka kidole chako."

Siku nyingine maneno hayo yangemlaza usingizi mtamu wiki nzima. Leo aliirudisha baga kwenye trei. Kuna mtu alikuwa wa kwake kabisa, tena alikuwa na mwanya.

"Kule kwa maboksi ya zambarau," alisema, akijifanya anatafuta chumvi, "hujawahi kwenda?"

"Si tulisema tutaenda pamoja?"

"Nimekuuliza kama umewahi."

"Na mimi nimekujibu."

Hakuwa amejibu, na wote wawili walijua. Mshonaji alishusha macho kwenye trei, akaanza kupanga chipsi zake kwa urefu. Halafu akasema haraka, kama mtu anayefunga dirisha upepo ukianza:

"Baba amekubali. Jumapili ijayo uje na wazee wako. Mtakula pamoja, naye atakaa mezani."

"Amekubali? Hivi hivi?"

"Si hivi hivi. Tumehangaika sana. Ila nikuombe kitu. Kutakuwa na baga. Watu wako wasishangae."

"Posa, tule baga?"

"Za zambarau. Ni baba aliyechagua."

"Baba yako mstaafu, anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, amechagua baga za zambarau."

"Ndiyo."

"Amezijulia wapi?"

Mshonaji alimkamata mkono juu ya meza, akaubana. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. "Usiulize kila kitu," alisema. "Ukinipenda, Jumapili kula, tabasamu, sema asante. Basi."

Plasta alirudi nyumbani akihesabu. Mwanamke amemwambia asiulize. Mwanamke ametokwa jasho. Katika akili yake yule mzee wa meno ya bandia alikuwa ameshapata gari, fimbo yenye kichwa cha fedha na mke wa kwanza.

*

Jumapili walifika watatu: Plasta, dada yake, na mjomba wao aliyekuja kuwa msemaji, mtu mnene mwenye sauti ya kutuliza ugomvi. Shangazi yake Mshonaji, dada wa Mwalimu, ndiye aliyewapokea. Nyumba ilikuwa safi hadi inatisha. Mapazia yalikuwa mapya.

Mezani kulikuwa na sahani nzuri za kabatini, uma, visu, vitambaa vilivyokunjwa pembe tatu, na katikati ya fahari yote hiyo, maboksi sita ya zambarau.

Dada yake Plasta alimkanyaga mguu chini ya meza. "Wameshindwa hata kuwasha jiko," alinong'ona.

"Nyamaza."

"Mimi nimenyamaza. Tumbo ndilo linaloongea."

Mwalimu aliingia amevaa suti ya kijivu. Hakuwa na gazeti. Alisalimia kila mmoja kwa mkono, akakaa mwanzo wa meza, na Mshonaji akakaa kulia kwake, karibu kabisa, kama nesi. Plasta aliona vile binti alivyokuwa akimtazama baba yake, kwa hofu na matumaini, na akajiuliza ni jambo gani wanaficha hawa wawili. Kwa hiyo na baba anajua. Baba na binti wamekula njama, na yeye ameletwa hapa kuzibia tundu.

"Tuanze kwa chakula," Mwalimu alisema. "Maneno yakija juu ya tumbo tupu huwa makali."

Mjomba alicheka kwa adabu. Shangazi alichukua kisu na uma, akaanza kuichinja baga yake kama kuku. Mjomba alitazama kulia na kushoto kuona wenyeji wanafanyaje, asije akavunja heshima ya nyumba.

Mwalimu aliifungua karatasi polepole. Aliishika baga kwa mikono miwili. Mzee akafumba macho, akaileta mdomoni, akauma. Hakuuma kwa pembeni. Aliuma kwa meno ya mbele, katikati, kipande kizuri cha mtu mwenye njaa, akatafuna, akameza. Akaiweka baga kwenye sahani, sehemu iliyoumwa ikamwelekea Plasta.

Ngazi ndogo upande wa kushoto. Kipande cha chizi kimesimama upande wa kulia.

Wiki tatu za moto zilizimika kifuani mwa Plasta kwa mpigo. Hakuna mzee wa gari. Hakuna fimbo ya fedha. Mwanaume aliyekula na mpenzi wake ni baba yake. Mtu wa kwake kabisa ni baba yake. Damu ilimrudi usoni, machozi yakamlengalenga, na juu ya furaha hiyo ikapanda furaha nyingine, ya fundi. Kuuma mkate kwa meno ya mbele ndio mtihani mkubwa wa meno ya bandia. Seti mbaya hunyanyuka nyuma, mtu akaaibika. Ile ya Mwalimu haikuwa imetikisika hata unywele.

Maneno yalimtoka kabla hajayatazama.

"Kumbe ni wewe, baba." Alikuwa akicheka, machozi yanamtoka. "Mia mbili kumi na nane. Hayo meno nimeyatengeneza mimi, kwa mikono hii. Na tazameni, hayachezi kabisa."

Uma wa shangazi uligonga sahani.

"Meno gani?" aliuliza. "Kaka, anasema meno gani huyu?"

Dada yake Plasta alijibana, akajibana, halafu kicheko kikampitia puani. Kilikuwa kifupi tu. Alikiziba kwa kitambaa, lakini kilikwisha kupita.

Mwalimu hakumtazama Plasta wala aliyecheka. Alimtazama binti yake.

"Ulimwambia."

"Sikumwambia, baba."

"Basi ameota."

"Hakuniambia, mzee wangu," Plasta alidakia. Kicheko kilikuwa kimemkauka mdomoni. "Naapa. Nilikuta baga kwenye mkoba wake, nikaona alama, nikaipeleka kazini nikaipima na sanamu yako, nikadhani kuna mwanaume mwingine, kwa hiyo leo nilipoona—"

"Ulipekua mkoba wangu," Mshonaji alisema.

"Ulinituma futi."

"Na baga ukaiiba, ukaenda kuipima."

Mjomba alikohoa, akatafuta ile sauti yake ya kutuliza. "Wazee wangu, hapa pametokea utani wa kijana, tuseme ni utani..."

"Si utani," Mwalimu alisema. "Kijana amesema kweli."

Aliweka kitambaa mbele ya mdomo, akainama. Alipokiondoa, mashavu yake yalikuwa yameingia ndani, na masharubu yalikuwa yameshuka juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Alikunja kitambaa kwa utaratibu, pembe tatu kama kilivyokuwa, akakisukuma mezani mpaka mbele ya Plasta.

"Chukua kazi yako," alisema. Maneno yalitoka laini, yamekosa kingo. Huyu alikuwa mtu aliyefundisha watoto kusoma kwa sauti miaka thelathini na mmoja. "Ni kazi nzuri. Nilipojua unafanya maabara ipi, sikulala. Nikamwambia binti yangu, huyu ameshashika kinywa changu. Akaniapia hutajua. Akasema hata ukijua, wewe ni mtu wa heshima, hutasema. Nikakubali kwa neno hilo tu."

"Baba, nisamehe. Nilifurahi. Nilizidiwa na furaha."

"Nimeona."

Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akamwinamia mjomba kidogo kama inavyompasa mwenyeji. "Wageni wetu, endeleeni kula," alisema, akaingia ndani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa kwa taratibu kabisa, na ufunguo ukasikika.

*

Mshonaji alimsindikiza hadi getini. Dada na mjomba walikuwa wameshatangulia barabarani, mjomba akimsema dada kwa sauti ambayo haikuwa ya kutuliza.

"Ungeniambia," Plasta alisema. "Neno moja tu. Baba ana meno ya bandia. Nani angemcheka?"

"Dada yako."

Plasta aligeuka kumtazama dada yake kule barabarani.

"Mama alipofariki meno yalianza kumtoka," Mshonaji alisema. "Moja moja, mpaka yakaisha. Akaacha kula mbele ya watu. Alikuwa anajifungia na supu. Hata shangazi aliambiwa ni tumbo. Alivyopata hayo mapya, akaogopa kuyatumia, akahisi yataruka mezani. Nikaanza kumpeleka kwenye baga, kila siku ya soko, tukakaa kona wasipomjua. Mkate laini, nyama laini. Mimi nauma kwanza, yeye anauma pembeni yake, kwa zamu, ili aone hayamshindi. Alichagua zambarau kwa sababu viti vyao vina mgongo mrefu, mtu hakuoni. Wiki tisa, Plasta. Wiki ya saba ndipo alipouma kwa meno ya mbele. Alilia pale kwenye kiti. Nusu ile niliiweka kwenye mkoba kwa sababu sikuweza kuitupa."

"Sikujua."

"Ulijua kwamba kuna mtu hataki ijulikane. Iliandikwa kwenye karatasi yako ya kazi. Baba ndiye aliyeomba iandikwe. Hata kama mimi ningekuwa malaya, huyo mtu wa mia mbili na ngapi alikuwa amekukosea nini?"

Plasta aliyatazama yale macho, na safari hii hayakumpa kitu.

"Nakupenda," alisema.

"Najua. Ulivyocheka pale mezani niliona unavyonipenda. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu." Alishika chuma cha geti. "Kwa sababu hiyo hata kukuchukia vizuri nitashindwa. Lakini baba anaamini nimemuuza. Nikikuingiza tena humu ndani, nitakuwa nimemuuza kweli."

"Nisubiri mwaka. Nisubiri miwili."

"Nenda, wenzio wanakusubiri."

Aliegesha paji la uso wake begani mwa Plasta, kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha akafunga geti, na Plasta akasikia nyayo zake zikirudi ndani bila haraka.

*

Kicheko kile cha Plasta kiligharimu hivi.

Posa ilirudishwa Jumanne, kwa barua ya mistari minne ya mwandiko safi. Barua nyingine ya mwandiko huo huo ilikwenda kliniki, haikutukana mtu, ilieleza tu. Kliniki ikaacha kupeleka kazi maabara. Katika kila seti kumi zilizokuwa zikiingia, sita zilikuwa zao. Bosi alimtazama Plasta kwa miwani yote miwili, akamwambia avue koti jeupe. Mwezi uliofuata aliwaondoa na mafundi wawili ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Dada yake mkubwa hakusemeshana naye hadi mwisho wa mwaka, kwa sababu kila mmoja alimtupia mwenzake lawama. Shangazi aliyedanganywa miaka yote kuwa ni tumbo alihamia kwa mwanawe. Mshonaji alihamisha cherehani zake mbili na ngazi kwenda mtaa ambao Plasta hakuambiwa, naye Plasta alimpigia simu mara kumi na tisa kabla ya namba yake kufa.

Seti ile Plasta aliiosha, akaipeleka mwenyewe kliniki, akaomba wamfikishie mwenye meno. Walimpigia Mwalimu mara tatu, na mara zote tatu alisema hana habari na meno yoyote. Kwa hiyo alibaki bila meno, na mtu aliyehitaji wiki tisa kujifunza kula tena mbele ya watu alirudi chumbani kwake na supu, akiwa na binti mmoja nje ya mlango, anayegonga mara mbili mchana na mara moja jioni, kuuliza kama bakuli limekwisha.